Daktari bingwa akiondoka VA, mgonjwa anapelekwa nje na hela inamfuata

Mwezi wa nane mwaka 2025 mkaguzi mkuu wa VA, yaani Wizara ya Maveterani (askari wa zamani) ya Marekani, alitoa ripoti yake ya kila mwaka kuhusu upungufu wa wafanyakazi, na humo ndani kulikuwa na namba ambayo kwangu ilitakiwa iwe ukurasa wa mbele kila gazeti: asilimia 94 ya hospitali za wizara hiyo zilisema zina upungufu mkubwa wa madaktari. Kwa manesi ilikuwa asilimia 79. Ukijumlisha kada zote, upungufu mkubwa uliotajwa ulipanda kwa asilimia 50 ukilinganisha na mwaka uliotangulia. Habari ikapita haraka haraka, watu wakarudi kwenye siasa zao.

Mimi ni daktari bingwa wa magonjwa ya mapafu na nafanya kazi kwenye mojawapo ya hizo hospitali, kwa hiyo sitajifanya sina upande. Naipenda hii kazi na ninachotaka kusema ni kitu kimoja tu. Kwenye hospitali kama hizi bingwa akiondoka haondoki peke yake, wagonjwa wake wanapewa rufaa kwenda nje ya VA, yaani hospitali za private, hela ya serikali inawafuata huko huko, halafu ikifika bajeti ya mwaka unaofuata watu wa mahesabu wanasema hii kliniki haina wagonjwa wa kutosha kwa hiyo hakuna sababu ya kuajiri bingwa mwingine. Ikifika hapo kliniki imekufa, na huwezi kumpata mtu aliyesaini karatasi ya kuiua.

Kwa wasioijua VA, ni mfumo mkubwa kuliko yote ya matibabu iliyounganishwa Marekani, una hospitali kama 170 na kliniki zaidi ya 1,000, na maveterani zaidi ya milioni 9 wamejiandikisha kutibiwa humo. Watu wengi kwetu wanadhani Marekani yote ni bima na bili, kumbe ndani yake kuna mfumo ambao serikali inamiliki jengo, inamwajiri daktari na inanunua dawa yenyewe, kitu kinachofanana na Uingereza kuliko na hiyo Marekani tunayoisikia. Mimi kama bingwa silipwi kwa idadi ya vipimo ninavyoagiza. Nina mshahara. Nikiona mgonjwa hahitaji kipimo simwandikii na hakuna bosi atakayeniuliza mbona mapato yameshuka mwezi huu, na nikiona anahitaji saa nzima ya maongezi kawaida napata namna ya kumpa.

Hiyo saa ndo mali yenyewe. Kuna mzee aliletwa kliniki na binti yake, pumzi inakata akipanda ngazi, kikohozi kikavu cha miaka, na kila alikopita huko nje alikuwa ameandikiwa inhela, ile dawa ya kuvuta kwa mdomo, kwa sababu faili linasema alikuwa anavuta sigara. Sisi huku swali la kwanza baada ya salamu ni ulikuwa jeshi gani, na la pili ni ulikuwa unafanya kazi gani humo. Akasema Navy, yaani jeshi la majini, chumba cha boila. Nikamuuliza mabomba yalikuwa yamezungushiwa nini. Akanyanyua mikono akanionyesha walivyokuwa wanabandua ile kitu nyeupe kwa nyundo ili wafike kwenye bomba, vumbi linajaa chumba kizima, wanakula humo humo, wanalala hatua chache kutoka hapo. Hiyo ni asbesto, madini ya nyuzinyuzi ya kuzuia joto ambayo vumbi lake linaharibu mapafu, na meli za kivita za enzi zile zilikuwa zimejaa asbesto. Tukapiga picha ya CT ya kifua na mabaka ya chokaa yapo kwenye utando wa mapafu pande zote mbili, na chini kabisa makovu. Binti yake akauliza mbona hakuna aliyewahi kumuuliza baba kuhusu meli, na jibu la ukweli ni kwamba daktari wa nje mwenye dakika chache na wagonjwa thelathini kwenye foleni hana sababu ya kuuliza, wala hakufundishwa kuuliza.

Hii ndo maana nasema bingwa wa VA ni aina yake. Mapafu ni yale yale ya binadamu yeyote, ila historia iliyopita kwenye hayo mapafu ni tofauti. Waliokuwa Vietnam walimwagiwa ile dawa ya kuua majani, Agent Orange, na leo bingwa wa VA wa sukari, wa tezi dume, wa moyo, wa Parkinson anajua orodha ya magonjwa inayohusishwa nayo kwa kichwa. Waliokwenda Iraq na Afghanistan walivuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka, na hapa naomba nieleweke, ni mashimo makubwa, pale kambi ya Balad, Iraq, walikuwa wanachoma plastiki, betri, taka za hospitali, wanamwagia mafuta ya ndege ili zishike moto, usiku na mchana, na watu wanalala karibu.

Mwaka 2011 madaktari walichapisha utafiti wa askari 80 wa kambi ya Fort Campbell, Marekani, waliokuwa wanashindwa hata kukimbia mbio za mtihani wa jeshi, wengi wakiwa vijana kabisa. Vipimo vya kawaida vya kupuliza vilionyesha karibu kila kitu kiko sawa. 49 kati yao wakakubali kukatwa kipande cha pafu, na 38 wakakutwa na ugonjwa wa vijia vidogo kabisa vya hewa kuziba kwa makovu, ugonjwa ambao kwa kijana mwenye afya ni nadra sana. Wengi wao walikuwa wamekaa karibu na moto wa salfa uliowaka kiwanda cha Mishraq, jirani na Mosul, mwaka 2003. Sasa fikiria huyo kijana akienda kwa daktari asiyejua hii habari, anapuliza kwenye mashine, mashine inasema mzima, anaambiwa ana wasiwasi tu au amenenepa.

Tarehe 10 Agosti 2022 ikasainiwa sheria inayoitwa PACT, ambayo kwa magonjwa mengi ya mapafu na kansa kadhaa ilisema mtu akiwa alikuwa maeneo fulani miaka fulani serikali itachukulia ugonjwa umetokana na jeshi bila yeye kuhangaika kuthibitisha. Kwa magonjwa yaliyo nje ya orodha bado inatakiwa daktari aandike kwamba uwezekano wa ugonjwa kutokana na utumishi ni angalau nusu kwa nusu, na aeleze kwa nini. Huo mstari mmoja unapeleka asilimia ya ulemavu juu au chini, asilimia inaamua hela ya kila mwezi, inaamua kama matibabu ni bure, na ikifika juu sana mpaka ada ya chuo ya watoto inaingia humo. Kwa hiyo note ya bingwa kwenye VA ni tiba, na hapo hapo ni ushahidi. Ukiiandika kivivu mtu anakosa haki yake, ukiandika usichokiamini umeidanganya serikali. Sijui kazi nyingine ya udaktari ambayo sentensi moja ina uzito kama huo.

Kuna watu wanasema sawa, lakini hospitali za serikali ubora wake mdogo. Hapa namba zinawajibu. Wachumi watatu, David Chan, David Card ambaye alipata Nobel ya uchumi 2021, na Lowell Taylor, walichukua maveterani wazee wenye haki ya kutibiwa VA na pia wana Medicare, bima ya serikali ya wazee, wakaangalia waliobebwa na ambulensi kwa dharura. Nani anapelekwa VA na nani anapelekwa hospitali ya kawaida ilitegemea kwa kiasi kikubwa ni ambulensi gani ilitokea kufika, kwa hiyo ni kama bahati nasibu na huwezi kusema VA ilipata wagonjwa wepesi. Vifo ndani ya siku 28 vilikuwa pungufu kwa asilimia 46 kwa waliofikishwa VA, na gharama ikawa chini. Maelezo yao yanarudi pale pale, mgonjwa anajulikana, faili lake linasomeka, madaktari wanaongea.

Faili ni jambo ambalo mtu wa nje halioni. VA ilikuwa na mfumo wake wa kompyuta uliotengenezwa ndani kwa ndani na madaktari na mafundi wake wakati hospitali nyingi bado zinatumia makaratasi. Una sura ya zamani, hauvutii hata kidogo, ila nikifungua naona kila kitu, kipimo cha damu alichopima jimbo lingine miaka ishirini iliyopita, picha zote za kifua, nani alimwandikia nini na kwa nini. Mwaka 2018 serikali ikasaini mkataba wa dola bilioni 10 kuubadilisha kwa mfumo wa kampuni ya Cerner, ukaanza kwenye hospitali ya VA ya mji wa Spokane mwezi wa kumi 2020, na mwaka 2022 mkaguzi mkuu akaandika kwamba maelfu ya maagizo ya madaktari yalikuwa yanaingia kwenye foleni ambayo hakuna anayeiona na wagonjwa 149 walidhurika. Usambazaji ukasimamishwa 2023. Nalitaja hili maana linaonyesha kosa lile lile, kudhani kwamba kilichojengwa na watu wa ndani kwa miaka kinaweza kununuliwa dukani.

Na mambo haya yana historia. Baada ya Vita Kuu ya Pili hospitali za maveterani zilikuwa na sifa mbaya, jenerali Omar Bradley alipopewa kuziongoza yeye na daktari wake mkuu Paul Hawley wakaamua mwaka 1946 kuziunganisha na vyuo vikuu vya udaktari, mwalimu wa chuo awe ndo daktari wa wodini. Matokeo yake mpaka leo karibu asilimia 70 ya madaktari wote wa Marekani wamepita VA kwenye mafunzo yao. Rosalyn Yalow alikuwa VA ya Bronx alipotengeneza na Solomon Berson njia ya kupima homoni kwenye damu kwa kiwango kidogo kabisa, akapata Nobel 1977. Edward Freis, VA ya Washington, ndiye aliyeongoza utafiti wa mwaka 1967 na 1970 ulioonyesha kwamba kutibu presha kunazuia kiharusi na moyo kushindwa, wakati kuna madaktari walikuwa bado wanabishana kama presha itibiwe. Mtu yeyote anayemeza kidonge cha presha leo pale Kariakoo au Kisumu anakula matunda ya kazi iliyofanyika kwenye wodi za maveterani.

Dawa nazo. Nje huko nusu ya siku ya daktari wa mapafu inaishia kubishana na bima kuhusu inhela. Mimi naandika, mgonjwa anapata, basi. Serikali inabana bei, ofisi ya ukaguzi ya Bunge ilipiga hesabu ya mwaka 2017 ikakuta VA inalipa kwa wastani asilimia 54 pungufu kwa kila dozi ukilinganisha na mpango wa dawa wa Medicare. Dawa mpya za homa ya ini C zilipotoka na bei yake ya kutisha, VA ikajipanga ikatafuta watu wake mmoja mmoja, na kufikia 2019 ilikuwa imeshaponya zaidi ya maveterani 100,000.

Mshahara? Nitasema wazi maana ndo madaktari wadogo zangu mnauliza sana. Malipo ya daktari wa VA kisheria kwa kawaida hayatakiwi kuzidi mshahara wa rais wa Marekani, dola 400,000 kwa mwaka, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 2001. Kwangu mimi na kwa bingwa wa sukari au wa maambukizi hicho kikomo hakiumi, ni hela nyingi mno kwa mtu yeyote. Kwa daktari wa upasuaji wa moyo au wa mgongo kinauma, nje wanamwekea mezani mara mbili. Kwa upande mwingine leseni ya jimbo lolote inakutosha kufanya kazi VA ya jimbo lolote, ukishtakiwa anayesimama mahakamani ni serikali na si wewe, na deni la chuo wanaweza kukusaidia kulilipa mpaka dola 200,000. Ila kuajiriwa kunachukua miezi, na bingwa mzuri hasubiri miezi.

Sasa turudi kwenye kubomoka kwa hizi kliniki. Mwaka 2014 iligundulika kwenye hospitali ya VA ya mji wa Phoenix kwamba kulikuwa na orodha za siri za wagonjwa wanaosubiri ili takwimu zionekane nzuri, waziri Eric Shinseki akajiuzulu tarehe 30 Mei, na hasira ya wananchi ilikuwa halali kabisa. Bunge likaruhusu maveterani watibiwe nje kwa gharama ya serikali, na chini ya sheria ya MISSION ya 2018 vikawekwa vigezo: ukiwa mbali zaidi ya dakika 60 kwa gari kufika kwa bingwa, au ukisubiri zaidi ya siku 28, unaruhusiwa kwenda private. Kufikia 2023 hela iliyokuwa inaenda nje kwa mwaka ilikuwa imekaribia mara mbili ya 2018, na mwaka 2024 jopo lililoongozwa na Kenneth Kizer, aliyewahi kuiongoza sekta ya tiba ya VA miaka ya 1990 na kuifufua, likaonya kwamba mwendo huu unatishia huduma ya ndani yenyewe.

Angalia kansa ya mapafu inavyotibiwa. Mgonjwa ana kidonda kidogo kwenye pafu, mimi naingia na kamera kuchukua kipande, mtu wa patholojia anasoma, wa radiolojia anaangalia picha, wa upasuaji anasema natoa au sitoi, wa mionzi na wa dawa wanasikiliza, wote chumba kimoja siku moja ya wiki. Akiondoka mpasuaji peke yake, kile chumba kinapungua kiti kimoja tu lakini mgonjwa sasa anapelekwa nje kwa upasuaji, huko nao wanataka picha zao wenyewe, kipande chao wenyewe, wiki zinakwenda. Ripoti inarudi kwa faksi, nasema kweli, faksi, karani anaiskani inaingia kwenye faili kama picha, kurasa sitini ambazo nyingi ni fomu za malipo na ule ukurasa wa maana uko katikati umekaa upande, na huwezi kutafuta neno ndani yake, inabidi usome moja moja saa moja jioni. Wagonjwa wa upasuaji wakipungua, nesi aliyezoea hiyo kazi anahamishwa. Wapasuaji wanafunzi wanaacha kuja maana hakuna cha kujifunza. Mwaka unaofuata ukiomba mpasuaji mpya unaonyeshwa grafu.

Mwaka 2025 mambo mawili yakaja kwa pamoja. Wizara ikaondoa hatua ya daktari wa pili kupitia rufaa za nje, ikaruhusu rufaa za fani 30 zidumu mwaka mzima, na wakati huo huo ikatangaza kupunguza wafanyakazi karibu 30,000 mpaka mwisho wa mwaka wa fedha, kwa kustaafu na kuacha kazi bila kujaza nafasi. Wanasema madaktari na manesi hawaguswi moja kwa moja. Lakini bingwa bila karani wa miadi, bila mtu wa kusafisha kamera, bila mtu wa kujibu simu, ni mtu aliyekaa ofisini na cheti ukutani.

Siwabezi wanaotetea huduma za nje. Mzee wa mashambani Montana hawezi kuendesha saa nne kuja kupuliza kwenye mashine, na akina mama maveterani wanajifungulia nje kwa sababu VA haina wodi za uzazi, na hiyo inatakiwa iendelee. Ninachokataa ni mjini, pale ambapo kliniki ipo, mashine ipo, na kinachokosekana ni nafasi moja ya ajira, halafu tunalipa nje zaidi ya mshahara wa huyo mtu.

Na msidhani hii ni habari ya wazee wa Kizungu peke yao. Kati ya mwaka 2009 na 2016 jeshi la Marekani lilikuwa na mpango wa kuandikisha wahamiaji wenye lugha wanazozihitaji, na Kiswahili kilikuwemo. Vijana wetu wengi waliingia. Nimekuwa na mgonjwa kijana wa Kitanzania, kaingia tu mlangoni kanipa shikamoo daktari, nikamwambia marahaba, karibu mwanangu, na hapo ndo akaanza kueleza pumzi yake kwa Kiswahili kwa namna ambayo kwa Kiingereza alikuwa anakata kwa neno moja, kwamba kifua kinabana kama kimefungwa kamba akipanda kilima, kwamba mama yake Tanga hajui kitu maana akijua atamwambia rudi nyumbani. Alikuwa Afghanistan. Alishaambiwa nje kwamba ni pumu.

Madaktari nao ni hivyo hivyo. Wengi wetu tuliokuja kwa viza ya mafunzo ya J-1 tunatakiwa turudi kwetu miaka miwili kwanza, isipokuwa idara ya serikali ikuombee msamaha, na VA ni mojawapo ya zinazoweza, ukikubali kuwatumikia miaka mitatu. Kisheria VA inamwajiri asiye raia pale tu inapokosa raia mwenye sifa, na miji midogo inakosa sana. Ile ada ya dola 100,000 iliyotangazwa mwezi wa tisa 2025 kwa maombi mapya ya viza ya kazi ya H-1B ya watu walioko nje ya nchi ikaziba mlango mwingine wa mabingwa hao hao.

Kwa wadogo zangu mnaomaliza mafunzo na mnaniuliza kama muombe VA, nawaambia ombeni, lakini siku ya usaili msiishie kwenye mshahara. Uliza kwenye idara mko mabingwa wangapi na walikuwa wangapi miaka mitatu iliyopita. Uliza ukiwa likizo nani anashika wagonjwa wako. Uliza katika rufaa mia za fani yako ngapi zinaenda nje, na zikienda matokeo yanarudi baada ya muda gani. Omba uongee na nesi wa chumba cha vipimo bila mkuu wa idara kuwepo, muulize nafasi ngapi ziko wazi na zimekaa wazi tangu lini. Hospitali ambayo mkuu wake anakutajia hizo namba bila kwenda kuzitafuta, saini hapo.